Soko Lisilo na Mnunuzi: Bodi ya Taka ya California, 1989 hadi 2010

Mwaka 1994 majaji wa Mahakama ya Juu ya California waliletewa kesi iliyowalazimu kujibu swali linaloonekana dogo kwa sikio la haraka: taka ni nini? Mji wa Rancho Mirage, ulioko jangwani kusini mwa jimbo hilo, ulikuwa umeipa kampuni moja haki ya pekee ya kuzoa taka. Kampuni nyingine ya jirani ikawa inapita kwa wenye biashara ikichukua vitu vinavyoweza kurejelezwa, na ile yenye mkataba ikaenda mahakamani kuizuia. Majaji waliamua kwamba kitu ambacho mwenyewe bado anakiuza hakijawa taka. Ni mali yake, na mji hauna haki ya kumlazimisha akikabidhi kwa mzoaji mmoja. Haki ya mzoaji huanza pale mtu anapokitupa. Hukumu hiyo ilihusu mkataba wa mji mmoja, lakini ndani yake mna kanuni inayotosha kuieleza historia nzima ya urejelezaji katika jimbo lile. Boksi lililotupwa na boksi lililouzwa ni boksi lilelile, na tofauti yao iko mfukoni mwa mtu wa tatu, yaani mnunuzi. Miaka mitano kabla ya hukumu hiyo, Bunge la California lilikuwa limeunda bodi na kuiagiza isimamie upunguzaji wa taka za jimbo kwa nusu. Bodi ilipewa nguvu kubwa juu ya miji inayozoa, nguvu fulani juu ya madampo, na karibu haikupewa nguvu yoyote juu ya mnunuzi. Hoja yangu ni kwamba pengo hilo ndilo lililoamua mafanikio na mapungufu ya bodi, kuliko uzembe wa mtu au ubaya wa nia. Mahali pachache ambapo sheria ilithubutu kumshika mnunuzi, soko lilipatikana. Kwingine kote jimbo lilikusanya kwa bidii, likasubiri mtu atokee.

Bodi ya 1989 haikuzaliwa katika uwanja mtupu. California ilikuwa na bodi ya taka ngumu tangu 1972, na katika miaka ya 1980 bodi hiyo ya awali iliweka tumaini lake kwenye moto: mitambo mikubwa ya kuchoma taka na kuzalisha umeme. Kulikuwa na mantiki ndani yake. Madampo yalikuwa yakijaa, wakazi wa viunga vipya vya miji hawakutaka jaa jipya karibu nao, na mtambo wa umeme una mnunuzi wa uhakika, kwa kuwa umeme hauhitaji kutafutiwa soko. Lakini mitambo ilihitaji mahali pa kukaa. Mwaka 1984 ripoti iliyoandikwa na kampuni ya ushauri ya Cerrell Associates kwa ajili ya bodi hiyo ilieleza, bila kuficha, ni watu wa aina gani hupinga zaidi miradi ya namna hiyo na ni wa aina gani hupinga kidogo. Wenye kipato na elimu walikuwa kundi la kwanza. Maskini na wasiosoma sana walikuwa la pili. Ripoti ikashauri mitambo isogezwe mbali na mitaa ya kundi la kwanza. Mnyonge hana haki, husema Waswahili, na hapa unyonge ulikuwa umewekwa kwenye karatasi ya serikali kama kigezo cha kuchagua kiwanja. Mradi wa jiji la Los Angeles ulioitwa LANCER ulipangiwa kusini ya kati ya jiji, penye wakazi wengi weusi. Akina mama wa mtaa huo walijipanga, wakahoji takwimu za moshi na majivu, wakapata wataalamu wa kuwasaidia, na mwaka 1987 Meya Tom Bradley akaufuta mradi. Katika jimbo zima, mitambo mitatu tu ya kuchoma taka za majumbani ndiyo iliyojengwa kati ya mingi iliyopangwa. Mwaka huohuo wa 1987 jahazi la kuvutwa liitwalo Mobro 4000 liliondoka New York na zaidi ya tani 3,000 za taka, likazunguka pwani kwa miezi likifukuzwa bandari baada ya bandari, kisha likarudi na shehena yake, ikachomwa Brooklyn. Picha zake ziliingia kila nyumba yenye televisheni. Wabunge wa California walipoketi kuandika sheria mpya, mlango wa moto ulikuwa umefungwa na wananchi, na mlango wa dampo ulionekana unafungwa wenyewe.

Mwandishi wa sheria alikuwa Byron Sher, mbunge wa Palo Alto na mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Stanford. Aliyetia saini alikuwa Gavana George Deukmejian. Sheria iliivunja bodi ya zamani na kuunda Bodi ya Usimamizi Unganishi wa Taka, yenye wajumbe sita wanaofanya kazi hiyo tu: wanne wa gavana, mmoja wa Seneti na mmoja wa Spika. Miongoni mwa wanne wa gavana, mmoja alitakiwa awe na uzoefu katika sekta ya taka na mwingine atoke katika vyama vya kutetea mazingira. Sheria iliweka mpangilio wa heshima: kwanza kupunguza taka tangu chanzo, pili kurejeleza na kutengeneza mboji, na mwisho kabisa kuchoma na kufukia. Halafu ikaweka namba mbili ambazo kila ofisa wa mji alizikariri. Kila mji na kila kaunti iepushe na dampo asilimia 25 ya taka zake kufikia 1995, na asilimia 50 kufikia 2000. Mji uliokaidi ungeweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000 kwa siku. Kwa jimbo lililokuwa likifukia zaidi ya tani milioni 40 kwa mwaka, hilo lilikuwa agizo zito, na miji ililichukulia kwa uzito. Mapipa ya kutenganisha taka yakaenea mitaani, magari ya kuzolea yakagawanywa vyumba, mashine za kuchambua zikajengwa.

Tuzitazame sasa nguvu za bodi kwa upande wa pili, upande wa kuuza kilichozolewa. Katika mwaka uleule wa 1989 Bunge lilipitisha sheria nyingine iliyoipa bodi jukumu la kukuza masoko ya bidhaa zilizorejelezwa. Chombo chake kikuu kilikuwa kanda maalumu za maendeleo ya soko la urejelezaji. Mji au kaunti iliomba kuwa kanda. Bodi ilipima maombi na kuteua, na uteuzi ulidumu miaka kumi. Mji kwa upande wake uliahidi kurahisisha vibali, kulegeza masharti ya matumizi ya ardhi na kupunguza ada za leseni. Bodi ilileta mikopo ya riba nafuu kwa mwenye kiwanda aliyetaka kutumia plastiki, karatasi, kioo au mpira wa taka kama malighafi, pamoja na ushauri wa kiufundi na msaada wa kutafuta wateja. Kikomo cha mkopo baadaye kilifika dola milioni 2 kwa mradi, kwa sharti kwamba mkopo usizidi robo tatu ya gharama. Kanda zilifikia arobaini hivi, kuanzia Los Angeles hadi Oakland na Berkeley, na nyingine katika kaunti za mashambani zenye msitu kuliko viwanda. Bodi ilikuwa pia na jarida la kubadilishana mabaki, ambamo mwenye mapipa asiyoyahitaji alitangaza ili anayeyahitaji ayaone. Fedha zilitoka kwenye ushuru wa kila tani inayofukiwa, ambao mwaka 2002 ulifikia dola 1 na senti 40. Mpangilio huo wa fedha una kasoro iliyozungumzwa kidogo mno: bodi iliyoagizwa kupunguza ufukiaji iliishi kwa ushuru wa ufukiaji, hivyo kila tani iliyoiokoa ilikuwa senti zilizotoka katika mfuko wake.

Ukilinganisha pande hizo mbili, kitenzi chenyewe kinabadilika. Kwa mji, sheria ilisema lazima. Kwa mnunuzi, ilisema tunakuomba na tutakukopesha. Mwenye kiwanda cha plastiki aliyekuwa akinunua chembechembe mpya kutoka viwanda vya mafuta hakuwa na sababu yoyote ya kuacha, isipokuwa bei ya plastiki kuukuu ishuke chini ya bei ya mpya na ibaki huko. Mkopo nafuu humsaidia mtu aliyekwisha kuamua kununua mashine, lakini haumpi wa kumuuzia. Chupa zilizopasuliwa, kusafishwa na kugeuzwa chembe bado zilipaswa kumshawishi mtengenezaji mwingine, ambaye sheria haikumgusa. Hata serikali ya jimbo, mnunuzi mkubwa kuliko wote, iliagizwa kununua bidhaa zilizorejelezwa kwa viwango vilivyotajwa, lakini bodi ilichokuwa nacho ni haki ya kupokea taarifa za idara. Idara iliyoshindwa kufikia kiwango haikukutana na chochote kinachofanana na dola 10,000 kwa siku.

Karatasi ya magazeti ndiyo ushahidi bora wa kile ambacho kingewezekana. Sheria ya 1989 iliwaagiza wachapishaji na wachapaji wa magazeti California kwamba kuanzia 1991 robo ya karatasi wanayotumia iwe ya kurejelezwa, na kiwango kipande kwa hatua hadi nusu kufikia 2000. Sheria ilieleza pia karatasi ya kurejelezwa ni ipi: yenye angalau asilimia 40 ya nyuzi zilizotoka kwenye makaratasi yaliyokwisha kutumika. Kila mwaka mchapishaji alitakiwa kuthibitisha kwa bodi kiasi alichonunua. Kama hakupata karatasi hiyo kwa bei inayolingana, au kwa ubora unaotosha, au kwa wakati, aliruhusiwa kuandika hivyo na kusamehewa, lakini ilimbidi aandike. Masharti hayo ni mepesi, na bado yalibadilisha hesabu za viwanda vilivyoko maelfu ya kilomita kutoka Sacramento. Wenye viwanda vya karatasi Marekani na Kanada waliona kwamba magazeti ya jimbo lenye watu wengi kuliko yote, na ya majimbo mengine yaliyofuata njia ileile kwa sheria au kwa makubaliano, yatadai karatasi ya namna hiyo mwaka hadi mwaka. Wakawekeza kwenye mitambo ya kuondoa wino. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 miji ililazimika kulipa ili magazeti makuukuu yachukuliwe. Kufikia 1995 bei yake ilikuwa imepanda kiasi kwamba watu waliiba magazeti yaliyofungwa pembeni mwa barabara kabla gari la mji halijafika. Mwaka uliofuata bei ilianguka tena kwa kishindo, maana viwanda vingi vilikuwa vimekimbilia malighafi ileile kwa pamoja. Sitaki kuificha sehemu hiyo ya habari. Amri ya kununua ina mitikisiko yake, na mji uliopanga bajeti kwa bei ya 1995 ulijuta. Hata hivyo mitambo ya kuondoa wino haikutoweka pamoja na bei. Ilibaki pale, ikiwa na njaa ya karatasi kuukuu.

Kuna wanaosema kwamba hii si kazi ya serikali hata kidogo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: kama plastiki iliyorejelezwa ina thamani, wafanyabiashara wangeigundua bila bodi, na kama haina, kuilazimisha ni kupoteza mali na nguvu za watu. Mwaka 1996 mwandishi John Tierney aliitetea hoja ya jamii hii katika jarida la New York Times, akidai kwamba urejelezaji wa lazima unagharimu kuliko unachookoa, na makala yake ilisomwa na kupingwa kuliko makala nyingi za wakati ule. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Ni kweli kwamba kuna vitu ambavyo gharama ya kuvizoa, kuvichambua na kuvisafirisha inazidi faida yoyote, na sheria inayohesabu tani tu haivitofautishi. Lakini methali ya kizuri chajiuza inadhani kwamba bidhaa zote mbili zimefika sokoni kwa miguu yao. Plastiki mpya haikufika hivyo. Bei yake haikubeba gharama ya kuizoa baada ya kutumika, ambayo ililipwa na mji, wala ya kuifukia, ambayo italipwa na wajukuu wanaoishi karibu na jaa. Mwenye kiwanda alichagua malighafi ya bei rahisi kwa sababu nusu ya bili ilipelekwa kwa mtu mwingine. Sheria ya magazeti ilimrudishia sehemu ya bili hiyo kwa kumtaka anunue walau kiasi fulani cha kile alichokisambaza.

Plastiki yenyewe inaonyesha kinachotokea amri inapotolewa kisha ikalegezwa. Mwaka 1991 Bunge lilipitisha sheria kwamba vyombo vigumu vya plastiki vinavyouzwa California viwe na asilimia 25 ya plastiki iliyokwisha kutumika, au vitimize mojawapo ya masharti mbadala: vipunguzwe uzito, vijazwe tena na kutumika upya, au urejelezaji wake ufikie kiwango kilichowekwa. Milango ilikuwa mingi tangu mwanzo. Mwaka 1996 vyombo vya chakula na vya vipodozi vilitolewa kabisa ndani ya sheria, na asiyejua uzito wa hatua hiyo na atazame kabati la jikoni na meza ya bafuni, ahesabu ni chombo gani kitabaki. Bodi iliachiwa kazi ya kusimamia sabuni za kufulia na vilainishi vya magari. Matairi yalikwenda mwelekeo wa kinyume. Kwa miaka mingi kila tairi jipya lilitozwa senti 25, fedha zikaenda kwenye ruzuku na ukaguzi, huku marundo yakikua. Mwaka 1998 rundo karibu na Tracy liliwaka moto na kuendelea kufuka kwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka uliofuata radi ililipiga rundo la mamilioni ya matairi huko Westley, na moshi mweusi ukafunika bonde kwa takriban mwezi mzima. Mwaka 2000 tozo ikapandishwa hadi dola 1. Kilichonivutia zaidi ni sheria ya 2005, ambayo iliagiza idara ya barabara za jimbo iweke mpira wa matairi kwenye asilimia 20 ya lami yake kuanzia 2007, asilimia 25 kuanzia 2010 na asilimia 35 kuanzia 2013. Hapo hapakuwa na kuomba. Mnunuzi alitajwa kwa jina, akapewa kiasi na tarehe, na msaga matairi akajua mwaka ujao atauza wapi.

Kwa vitu vingine vyote, yaani makaratasi mchanganyiko, maboksi, na plastiki za kila rangi na aina, mnunuzi alitoka ng'ambo ya bahari, na bodi haikuhusika na ujio wake. Meli zilizoshusha viatu, vitambaa na vyombo vya umeme kutoka Asia katika bandari za Los Angeles, Long Beach na Oakland zilirudi na makontena mengi matupu, na nauli ya kurudi ilikuwa ndogo. Mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya sheria ya Sher, mwanamke aitwaye Zhang Yin alianzisha na mumewe, katika eneo la Los Angeles, kampuni ya America Chung Nam ya kununua makaratasi makuukuu na kuyapeleka China. Mwaka 1995 akaanzisha kiwanda cha karatasi cha Nine Dragons huko Dongguan, ambako boksi la California liligeuzwa boksi jipya, likafungiwa bidhaa, likarudi California. Mwaka 2006 orodha ya matajiri ya Hurun ilimweka wa kwanza China nzima. Utajiri huo ulitokana na kuona mapema kile ambacho bodi yenye wajumbe sita, kanda arobaini na mfuko wa mikopo haikuweza kukiumba: mtu anayeihitaji karatasi kuukuu kila siku. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na miji ya California ilipona kwelikweli. Marobota yaliondoka, fedha kidogo zikaingia, asilimia zikatimia kwenye ripoti. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza ni kiasi gani cha lile robota kilikuwa uchafu uliotenganishwa na vidole vya watu wengine na kuchomwa katika uwanja wa mtu mwingine.

Upande wetu wa dunia unaifahamu biashara ya namna hii kupitia mlango mwingine. Nguo ambazo Wamarekani huzitoa majumbani zina soko kwa sababu kuna Gikomba na kuna Karume. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, chama cha wafanyabiashara wa nguo na vitambaa vikuukuu cha Marekani kiliwasilisha malalamiko kwa serikali yake mwaka 2017. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo; Rwanda haikulegeza, na Julai 2018 ikaondolewa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwa uwazi kuliko ripoti yoyote mahali nguvu ilipo katika biashara ya vilivyotumika. Muuzaji alipopoteza mnunuzi mmoja, alikwenda hadi ofisi za biashara za taifa kubwa kumdai.

Nitaambiwa kwamba ninaihukumu bodi kwa ukali, wakati matokeo yake yanaonekana. Jimbo lililokuwa likiepusha sehemu moja ya kumi ya taka zake mwaka 1989 lilifikia asilimia 42 mwaka 2000 na kuvuka nusu katikati ya muongo uliofuata, huku idadi ya watu ikiongezeka. Hilo ni jambo kubwa, na watu wengi walilifanyia kazi kwa moyo. Lakini kipimo chenyewe kilihesabu kilichoepushwa na dampo, na hapakuwa na kipimo cha kilichorejea kuwa bidhaa. Kontena lililofungwa Oakland lilihesabiwa kuwa limefanikiwa pale lilipopakiwa, bila kujali mwisho wake. Majani na matawi ya bustani yaliyotumika kufunika dampo kila jioni, badala ya udongo, yalihesabiwa pia kuwa yameepushwa na dampo, ilhali yamelala juu yake. Mlango huo haukufungwa ila kwa sheria ya 2014 iliyoanza kutumika 2020. Mji ulioogopa faini ulikuwa na kila sababu ya kutumia njia ya bei rahisi, na njia ya bei rahisi haikupita katika kiwanda cha jirani. Siilaumu miji kwa hilo. Ilifanya ilichoagizwa, na ilichoagizwa kilikuwa kutoa, bila neno juu ya nani atapokea.

Bodi ilivunjwa kwa sababu nyingine kabisa. Gavana Arnold Schwarzenegger alikuwa na nia ya kufuta bodi nyingi tangu mapitio ya serikali ya 2004, na hii ilikuwa mfano uliomfaa: wajumbe waliolipwa zaidi ya dola 130,000 kwa mwaka, baadhi yao wakiwa wanasiasa waliomaliza muda wao bungeni. Katika msukosuko wa bajeti wa 2009 sheria ikapita, na tarehe 1 Januari 2010 kazi zake zikahamia idara mpya iitwayo CalRecycle, pamoja na mpango wa chupa na makopo ambao tangu 1986 ulikuwa chini ya idara nyingine. Kuunganisha mipango hiyo miwili kulikuwa na busara. Ilikuwa ajabu kwamba chupa ya maji na chupa ya sabuni zilikuwa na wasimamizi wawili. Lakini lawama ya kwamba bodi ilikuwa kitanda cha wastaafu ni nusu ya ukweli. Wesley Chesbro, aliyekuwa mjumbe wake katika miaka ya 1990, alikuwa ameanzisha kituo cha urejelezaji huko Arcata tangu 1971, na alijua robota linavyonuka. Na ukikiondoa kiti cha mjumbe ukaweka kiti cha mkurugenzi, mnunuzi bado hajaongezeka. Chesbro mwenyewe, akiwa mbunge, aliandika sheria ya 2011 iliyoweka lengo la jimbo kuwa asilimia 75 kufikia 2020 na kuwataka wenye biashara nao watenganishe taka zao. Lilikuwa lengo la juu zaidi kwa upande uleule, upande wa kukusanya. Mwaka 2020 ulipofika, kiwango cha urejelezaji kwa kipimo kipya na kikali zaidi kilikuwa kama asilimia 42.

Kati ya tarehe hizo mbili mgeni alikuwa ameondoka. Julai 2017 China iliarifu Shirika la Biashara Duniani kwamba itapiga marufuku aina 24 za taka, zikiwemo makaratasi mchanganyiko na plastiki za majumbani. Kuanzia Machi 2018 robota lolote lililoruhusiwa lilipaswa kuwa na uchafu usiozidi nusu ya asilimia moja, kiwango ambacho mashine za kuchambua za California hazikujengwa kukifikia. Miji iliyozoea kulipwa kwa karatasi ikaanza kulipa ili ichukuliwe, kama ilivyokuwa kabla ya 1995. Agosti 2019 kampuni ya rePlanet ilifunga kwa siku moja vituo vyake vyote 284 vya kununulia chupa na makopo, na wazee waliokuwa wakisukuma vitoroli vyao hadi pale wakakuta mlango umefungwa. Mwaka huohuo Bunge likaunda tume ya kuchunguza masoko ya urejelezaji na kurefusha maisha ya mfuko wa mikopo wa zile kanda. Miaka thelathini baada ya kuiagiza bodi ikuze soko, jimbo lilikuwa linauliza upya soko liko wapi.

Jibu moja lilitoka Septemba 2020, na aliyelisoma akiwa anaikumbuka sheria ya magazeti alizitambua namba zake. Kila mtengenezaji wa vinywaji vilivyomo katika mpango wa chupa atatumia plastiki iliyokwisha kutumika kwa asilimia 15 kuanzia 2022, asilimia 25 kuanzia 2025, na asilimia 50 kuanzia 2030, na atalipa senti 20 kwa kila ratili atakayopungukiwa. Ishirini na tano na hamsini ni namba zilezile zilizopelekwa kwa miji mwaka 1989. Safari hii zimeandikwa kwenye bahasha ya mwenye kiwanda.